Jinsi nilivyopata jumla sahihi ya hatifungani za nchi

Jumla yangu ya hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji, ilikataa kulingana na takwimu rasmi. Kila robo mwaka ilizidi. Nilikuwa nimejumlisha jedwali mbili, la soko la ndani na la masoko ya nje, nikiamini hazigusani. Kumbe baadhi ya hatifungani zilikuwa kwenye zote mbili.

Niliacha jedwali, nikashuka hadi kwenye hati moja moja. Kila hati ina namba ya ISIN, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha, yenye tarakimu na herufi 12, hivyo nilipanga kwa namba hiyo na kufuta zilizojirudia. Pengo likapungua, lakini halikwisha.

Kilichobaki kilinisumbua zaidi: nani ahesabiwe? Kampuni tanzu iliyosajiliwa nje ikikopa huko, deni ni la nchi iliposajiliwa kwa kigezo cha ukaazi, ila ni la nchi ya kampuni mama kwa kigezo cha uraia. Mimi nilichanganya vigezo vyote viwili. Takwimu za jumla za Benki ya Malipo ya Kimataifa, BIS, hufuata ukaazi, nami nikafuata huohuo.

Kisha thamani. Hati isiyolipa riba ya kila kipindi, iliyouzwa 80 ili ilipwe 100, haipaswi kuandikwa 100 tangu siku ya kwanza. Tofauti hiyo ndiyo riba yake, nayo huongezwa kadiri muda unavyopita. Za fedha za kigeni nilizibadilisha kwa kiwango cha siku ya mwisho ya robo, si cha wastani. Zilizonunuliwa tena na mtoaji mwenyewe nikaziondoa.

Safari hii hesabu zililingana.