Kioo kimekufa mguso, simu naiendesha kwa kompyuta

Simu ilinidondoka jikoni. Picha ikabaki safi, mguso ukafa kabisa. Fundi akanitajia bei ya kioo, nikamwambia nitarudi.

Nikapakua scrcpy, programu ya bure inayoleta simu ya Android kwenye kompyuta ukaibofya kwa mausi. Ila inataka uwashe kwanza Utatuzi wa USB ndani ya simu, yaani ruhusa ya kompyuta kuiamuru simu. Utaugusaje? Nikachomeka mausi kwa kile kiunganishi kidogo cha OTG, mshale ukatokea. Kwenye mipangilio, Kuhusu Simu, nikabofya Nambari ya Muundo mara 7, zikafunguka chaguo za wasanidi, humo nikawasha Utatuzi.

Basi nikachomoa mausi, nikachomeka waya wa kompyuta. Simu ikauliza: uruhusu kompyuta hii? Tundu ni moja tu, mausi haipo. Nilicheka mwenyewe.

Dawa ilikuwa kuachana na waya. Kuanzia Android 11 kuna Utatuzi Usiotumia Waya. Mausi nikairudisha, simu na kompyuta zikiwa Wi-Fi moja, nikachagua kuoanisha kwa msimbo. Kwenye kompyuta nikatumia adb, programu ya kutuma amri kwa simu: nikaandika adb pair, anwani ya simu na namba ya mlango (port) zilizoonyeshwa kwenye simu, kisha tarakimu 6 za msimbo. Ikakubali. Halafu adb connect ikagoma karibu nusu saa, kwa sababu nilirudia mlango uleule wa kuoanisha. Wa kuunganisha ni mwingine, umeandikwa ukurasa wa nyuma yake.

Nikaandika scrcpy, simu ikafunguka mezani. Picha na namba za watu nimeshazihamisha; programu ya benki tu ndiyo inaonyesha weusi.