Siku moja maabara: mistari miwili, malaria hakuna

Saa 1 na nusu asubuhi nafungua maabara, zahanati ndogo tu huku Muheza. Kazi ya kwanza ni kutengeneza Giemsa mpya, ile rangi ya kupaka damu ili wadudu wa malaria waonekane kwenye darubini, ya jana imeshaanza kuweka vichengachenga na hivyo vichenga ukiwa na haraka unavihesabu kama wadudu, mtu anapewa malaria ambayo hana.

Saa 3 anaingia mama na mtoto ana homa, anatoa kwenye pochi kipimo cha duka la dawa, mistari miwili, yaani ana malaria. "Dokta haitoki hii malaria, mchome sindano." Namuuliza dawa mseto alimaliza lini, wiki mbili zilizopita. Aaah. Hiki kipimo cha haraka hakimuoni mdudu mwenyewe, kinashika protini yake, HRP2, na hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa wadudu wakiwa wameshakufa zamani. Nikamwambia ni kama jikoni kunanuka dagaa na dagaa mmeshawala juzi. Akacheka ila sindano bado anaitaka 😅

Saa 4 niko kwenye darubini. Tone nene la damu ya mtoto, Giemsa dakika 10, oili, fildi 200 (vile vipande unavyoviona kwenye lenzi) nimezipita moja moja mpaka shingo inauma, hamna kitu. Kumpeleka kwa dokta wa zamu, kumbe sikio la mtoto linatoa usaha. Homa yote imetoka huko!

Saa 7 wali maharage, fasta.

Saa 8 dogo wa bodaboda na karatasi ya Widal, kipimo cha damu cha taifodi, kutoka maabara nyingine, "taifodi 1:160", ya tatu mwaka huu na kila mara kameza dozi. Widal inatafuta kinga ya mwili, sasa kinga inaweza kuwa ya ugonjwa wa miaka ile, na hata malaria inaweza kuipandisha, kwa hiyo huku kwetu karatasi moja peke yake haisemi kitu. Taifodi ya kweli unaikamata kwa kuotesha damu na sisi hatuna hiyo. Bosi kapita akanikuta namueleza, akanuna, majibu hasi hayauzi dawa bana.

Saa 11 nafunga. Njiani nakutana na yule mama anatoka duka la dawa, kwenye nailoni naiona paketi ya mseto.

"Ya akiba tu dokta."