Jinsi Nilivyochagua Fuawe Yangu ya Kwanza Tanga

Nilipoamua kujifunza uhunzi ili nijifulie mwenyewe tezo na patasi za kazi yangu ya useremala, nyundo na koleo nilizipata upesi, na tanuri nililitengeneza kwa rimu ya lori na feni ndogo. Kilichonichukulia muda ni fuawe, yaani bonge la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake. Kwa anayeanza hapa Tanga zipo njia tatu: kununua dukani fuawe mpya yenye pembe (ncha ya mviringo ya kupindia chuma), kukata kipande cha reli, au kutafuta bonge la chuma kwa wauza vyuma chakavu.

Ile ya dukani ilikuwa imepakwa rangi ya buluu na ilipendeza macho. Nilimwomba muuzaji ruhusa, nikadondosha gololi ya beringi juu ya uso wake kutoka kimo cha sentimita 25. Ikaruka kidogo na kutulia, na nilipougonga uso huo kwa nyundo ndogo ulitoa mlio mfu. Hicho kilikuwa chuma cha kumimina, cha aina ya bloku za injini kuukuu, ambacho hubanduka vipande kinapopigwa kwa nguvu. Fuawe nzuri ya chuma cha pua kilichokomazwa huirudisha gololi zaidi ya robo tatu ya kimo ilikotoka, maana yake nguvu ya nyundo haipotelei ndani yake bali inaishia kwenye chuma cha moto kilicho juu yake.

Reli ni chuma kizuri mno, kigumu na chenye kaboni nyingi, lakini niliiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika mji ambao ujenzi wa reli yake ulianza mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, kipande cha reli kisicho na hati ya mauzo kinaweza kukupeleka kituo cha polisi, kwa kuwa reli na mataruma ni mali ya umma. Ya pili ni ya kiufundi: reli ikilazwa, kichwa chake chembamba hukaa juu ya shingo nyembamba zaidi, kwa hiyo hutetema na kumeza pigo. Aliye na reli halali na aisimamishe wima, afulie kwenye ncha.

Neno hilo la kusimamisha nililipata kwa mhunzi mzee wa Kipare, wa ukoo wa Washana ambao tangu zamani ndio wahunzi wa Upare. Nilipomwamkia na kumweleza kuwa natafuta fuawe yenye pembe, alicheka.

“Mwanangu, pembe ya nini, nawe hujajua kunyoosha msumari? Tafuta uzito ulio chini ya nyundo.”

Na kweli, wahunzi wa sehemu nyingi za Afrika walifua juu ya jiwe, wakatoa majembe na mashoka. Wahunzi wengi husema fuawe iwe na uzito wa mara 50 hivi ya nyundo. Nyundo yangu ni ya kilo moja.

Kwa muuza vyuma chakavu nilikuta kipande cha shafti nene, kipenyo sentimita 15 na urefu sentimita 45. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina gramu 7.85, kwa hiyo nilikadiria kilo 62 kabla hakijapandishwa kwenye mizani, jambo ambalo husaidia sana kwenye bei. Gololi iliruka zaidi ya nusu. Shafti haina ugumu wa fuawe ya kiwandani, na ukiipiga kwa nyundo bila chuma cha moto katikati itabonyea, ila kwa kazi yangu inatosha kabisa.

Fundi wa kukereza vyuma alinisawazishia ncha moja, nami kwa grenda nikachonga ubapa ubavuni ili nipate ukingo mmoja ulionyooka, ambao nusu yake niliuviringisha kidogo kwa tupa. Ukingo mkali huacha mkato kwenye kona ya chuma, na hapo ndipo ufa huanzia. Sikuchomelea kitu juu yake, kwa kuwa joto la kuchomelea huharibu ugumu wa uso.

Kitako ni kisiki cha mkwaju chenye kimo cha sentimita 40. Nilikichimba kiota cha sentimita 10, nikatia mchanga ili kupunguza mlio (majirani nao wana masikio), na shafti ikasimama humo wima. Uso umefika sentimita 75 kutoka chini, sawa na vifundo vya ngumi yangu mkono ukining'inia, na kimo hicho ndicho kinachoniokoa na maumivu ya kiuno. Nikitaka kupinda mviringo, nabana nondo nene kwenye jiriwa (kibano cha mezani) na kuifanya pembe, na kwa namna hiyo tezo ya kwanza, niliyoitoa kwenye springi ya gari, ilipata mkunjo wake.