Kifungo cha tatu

Kwa miezi minne baada ya baba kupata kiharusi, kazi ya kufunga vifungo vya shati lake ilikuwa yangu. Nilimshikia kikombe, nikamvisha soksi, nikamchania nywele. Mkono wake wa kulia ulilala pajani siku nzima, nami niliamini kuupumzisha ndiyo huruma.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitutazama kidogo tu, akasema: "Dada, huo mkono unaufundisha kunyamaza."

Niliumia. Usiku nikakaa kusoma.

Nikamkuta Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani. Alifanya majaribio kwa kima waliopotezewa hisia za mkono mmoja. Waliacha kabisa kuutumia, lakini alipowafunga ule mzima, ule uliosahauliwa ulirudi kazini. Kumbe haukuwa umekufa. Kima alijaribu mwanzoni, akashindwa, akazoea kuutegemea ule mkono mzima.

Nilimwona baba kabisa.

Chembe za ubongo zilizouawa na kiharusi hazifufuki. Ila zilizosalia jirani zinaweza kupokea sehemu ya kazi, na hapo matumizi ndiyo huamua. Chembe za neva zinaposhtuka pamoja mara nyingi, viungio kati yake huimarika. Mwanasaikolojia Donald Hebb alilifikiria hilo tangu 1949, na mwaka 1973 wanasayansi Tim Bliss na Terje Lømo wakalionyesha kwenye ubongo wa sungura. Mimi, kwa kumfanyia baba kila kitu, nilikuwa nawanyima majirani hao kazi.

Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lenye wagonjwa 222, waliougua kati ya miezi 3 na 9 kabla. Waliovishwa glavu nene kwenye mkono wenye nguvu kwa wiki 2, huku ule dhaifu ukifanyishwa mazoezi mazito, waliendelea vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Walichaguliwa wanaoweza angalau kukunjua kidogo kifundo cha mkono na vidole. Baba aliweza, kwa shida. Mtaalamu akakubali tujaribu, yeye akisimamia.

Siku ya pili kikombe kilianguka mara tano. Baba akanitazama: "Mama, nisaidie." Mnaowauguza wazazi mnajua neno hilo linavyokata. Nilitoka nje nikasimama ukutani hadi niliposikia kikombe kikiguswa tena.

Wiki mbili hazikumrudishia mkono wake wa zamani. Zilimrudishia kijiko, kitasa cha mlango na kitana. Glavu tulishaivua, lakini shati tumeliacha kuwa zoezi la kila asubuhi, kwa mkono wa kulia. Vifungo viwili vya juu bado vinamshinda, kwa kuwa havioni. Cha tatu anakiona.

Jana kilimchukua dakika saba. Kilipoingia akakishika kwa vidole vilevile, akakifungua, akaanza upya.