Kitambaa Chekundu

Juzi mwanangu wa mwisho ameniuliza: "Mama, mbona kamba yetu tu ya nguo ndiyo imefungwa kitambaa chekundu?" Nikamwambia ni ili ionekane. Sikumaliza.

Yule mtoto wa Gungu, hapa Kigoma, alikuwa na miaka saba hivi. Aliletwa hospitalini jioni na bibi yake, mimi nikiwa muuguzi wa zamu. Alikuwa akishuka mteremko na baiskeli, waya wa kuanikia nguo ukamdaka shingoni. Damu hakuna. Mstari mwekundu tu, mwembamba kama alama ya mkufu. Nikaona ni mchubuko. Nikapigapiga kitanda: "Lala hapa, baba."

Akakataa. Aling'ang'ania kanga ya bibi yake, ameinama mbele, kidevu kimetangulia, mate yanamtiririka. Alipojaribu kusema, sauti ilitoka imekwaruza. Mkono wangu ulikuwa tayari begani kwake, unamsukuma alale.

"Sista, muache akae," bibi akasema. "Kila akilala anakabwa."

Nikamgusa shingo. Chini ya ngozi kukachakacha. Vipovu vidogo vilikimbia mbele ya vidole vyangu, kama nabonyeza mfuko wa rambo uliofichwa ndani ya kanga. Nikasogeza vidole hadi juu ya kifua, navyo vikasogea. Ilikuwa hewa. Imetoboka njia yake, inatafuta pa kwenda. Nikauondoa mkono taratibu, nikapiga kelele kuita watu.

Daktari wa usingizi alikuja mbio. Asilazwe, akasema, wala asilizwe; oksijeni aishikilie bibi yake karibu na uso. Shingo isigeuzwe. Gegedu za koo la mtoto ni laini, zinabonyea na kurudi, ndiyo maana nje huoni kitu. Lakini njia yenyewe ni nyembamba, uvimbe kidogo tu unaiziba. Na bomba la hewa likiwa limechanika nusu, ukisukuma mpira wa kupumulia bila kuona unaweza kulimalizia.

Walimpeleka chumba cha upasuaji akiwa amekaa. Wakampa usingizi huku anapumua mwenyewe, daktari wa upasuaji amesimama pembeni, kisu mkononi, tayari kutoboa shingo. Akavuka usiku ule. Asubuhi wakampa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza.

Miezi baadaye bibi alipita na migebuka ya kukaushwa, akasema mjukuu anaongea, ila sauti si ile. Nilitaka kumweleza habari ya mkono wangu. Nikapokea samaki, nikashukuru.

Kitambaa kimepauka kwa jua. Jana nimefunga kipya, kingine nimefunga kwenye waya wa jirani.