Kurudi Bukoba kutoka Namugongo na basi zima la mahujaji

Wengi wakipanga hija ya Namugongo, kule Uganda kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda kila tarehe 3 Juni, hupanga ya kwenda tu: sare, nyimbo, pa kulala, nani abebe bendera ya parokia. Kurudi anaachiwa dereva. Nilipopewa ukatibu wa msafara nilianza na kurudi, maana ifikapo jioni ya tarehe 3 Juni watu wamechoka, miguu imevimba, na kila mmoja ana mzigo ambao hakuja nao.

Kazi iliyonichukua muda mrefu ni kadi za homa ya manjano. Uganda imo kati ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, hivyo kadi ina uzito hasa pale unapoingia Tanzania ukitokea huko. Chanjo huanza kutambulika baada ya siku 10, kwa hiyo anayekimbilia kuchanja wiki ya safari hajafanya kitu. Wazee wetu kadhaa walikuwa na kadi za zamani zilizoandikwa kwamba zinaisha baada ya miaka 10, na walishajiandaa kuchoma sindano upya. Nikawatuliza: tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Kadi, pasipoti na hati za dharura za kila mtu nilizipiga picha kwa simu, kisha nakala za karatasi nikampa mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, aliyekaa nyuma kabisa ya basi, mbali na mkoba wangu. Mkoba ukiibiwa, safari isife.

Misa ilipokwisha, nusu ya basi walitaka tuondoke saa ileile. Nilikataa, nikasikia maneno. Lakini jioni ile kila msafara unataka kutoka, magari yameegeshwa mbali, simu hazishiki, na ukifanikiwa kutoka unafika mpakani usiku wa manane ukiwa na wazee wanaosinzia. Tukalala, tukapanga kuondoka alfajiri ya tarehe 4.

Tangu mwanzo kila mtu alikuwa na mwenza wa kiti, na wenza hawaachani hata chooni. Alfajiri sikuhesabu vichwa. Katika basi ambalo watu wanahamahama viti, kuhesabu vichwa ni kujidanganya. Nilipita na tochi nikimuuliza kila mmoja, "Mwenzako yuko wapi?" Viti viwili vya dirishani upande wa kushoto vilikuwa vitupu. Kina mama wawili, wote watu wazima, hawapo. Kuwa wamekosekana pamoja kulinipa nafuu: wawili hawapotei, wanachelewa tu. Nikawakuta kwenye foleni ya maji ya lile ziwa la mashahidi, kila mmoja na dumu la lita tano.

"Katibu, tuvumilie, foleni haisogei."

"Shikamoo mama. Leteni hayo madumu, mimi nina miguu."

Sikuwagombeza. Kuna mtu anayesafiri hadi Namugongo akarudi mikono mitupu kwa mgonjwa aliyemwacha nyumbani? Tulisubiri, wakajaza.

Dereva alitaka kukatiza katikati ya Kampala. Nikamwomba tushike Northern Bypass, barabara inayozunguka nje ya jiji, moja kwa moja hadi Busega, ndipo tuingie barabara ya Masaka. Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, tulisimama wapige picha, na Lukaya wakanunua nyama ya kuchoma kupitia madirishani. Huko sina la kusimulia, watu walikuwa na furaha.

Masaka ndipo nilipowashusha wote na mizigo yao. Hapa palikuwa na kazi. Uganda bado unafungiwa vitu kwenye mifuko ya plastiki, na Tanzania iliipiga marufuku tangu Juni 1, 2019. Nilikuwa nimebeba viroba na vikapu kutoka nyumbani, tukahamishia kila kitu pale stendi badala ya kumwaga rozari na vitenge chini mpakani.

Halafu mama mmoja akafungua khanga, ndani mna machipukizi matatu ya mgomba, yamefungwa vizuri na udongo wake. Ndizi nzuri, alisema, jamaa zake wa huko wamempa. Hapo nilikaza. Sisi watu wa Kagera tunajua mnyauko wa migomba ulivyotumaliza. Shamba la marehemu baba yangu lilikatwa karibu lote. Mche hauvuki mpaka bila kibali cha afya ya mimea, na hata kama ungevuka, mimi nisingeupakia. Alininunia mpaka Kyotera. Machipukizi tuliyaacha kwa mwenyeji wetu pale Masaka.

Mutukula, pale mpakani, kuna kituo kimoja cha pamoja, kwa hiyo anayetoka Uganda hasimami upande wa Uganda. Unavuka hadi jengo la Tanzania, na humo maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jirani: mmoja anakugongea kutoka, wa pili kuingia. Niliwapanga watu kwa mpangilio wa orodha yangu, kadi imebanwa ndani ya hati, wazee mbele. Tulipimwa joto, kadi zikaangaliwa, mizigo ikafunguliwa michache. Anayefika na karatasi mkononi hakai sana pale.

Kwenye daraja la Kyaka wazee walianza kuelekezana lilipokuwa lile la zamani lililobomolewa na majeshi ya Amin mwaka 1978, vijana wakaacha simu kidogo wakasikiliza.

Tuliingia Bukoba jua likiwa bado juu, na wale wa Muleba na Karagwe wakawahi magari. Kabla ya kuachana niligawa hati, kila mtu akasaini alipopokea. Yule mama wa machipukizi alisaini bila kuniangalia. Jumapili iliyofuata alinitumia mjukuu wake na chupa ya maji ya Namugongo.