Kibamia, kitambi na hofu ya kitandani

Kijana ambaye uume wake unasimama imara alfajiri, lakini unalala akiwa na mwenzake, kwa kawaida mishipa yake ni mizima. Kinachomwangusha ni hofu, na mara nyingi hofu hiyo ni ya mwili wake mwenyewe: kitambi, kifua chembamba, au kuogopa kuitwa kibamia, yaani mwenye uume mdogo.

Uume husimama pale misuli laini ya ndani inapolegea na damu kujaa. Mtu akianza kujikagua katikati ya tendo (tumbo linaonekana? bado umesimama?) mwili humwaga adrenalini (homoni ya mshtuko), misuli hukaza, damu huondoka. Safari inayofuata anapanda kitandani tayari anaisubiri aibu, na aibu inakuja kweli.

Kama wasiwasi ni ukubwa, pima sawasawa. Uume ukiwa umesimama, weka rula juu yake, ikandamize mpaka iguse mfupa wa kinena, kisha soma hadi ncha ya kichwa. Wengi huanzia kwenye ngozi, na hapo mafuta ya kinena yanakula sentimita kadhaa. Kujitazama ukiwa umeinamisha kichwa nako huufanya uonekane mfupi. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliojumlisha vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000 ulipata wastani wa sm 13.12 ukiwa umesimama na sm 9.16 ukiwa umelala. Wale wa kwenye video za ngono wamechaguliwa, usijipime kwao.

Kitambi ni jambo jingine, hicho kina madhara ya kweli. Mafuta hugeuza sehemu ya testosteroni (homoni ya kiume) kuwa estrojeni (homoni ya kike), na kisukari na presha vinavyoandamana nayo huharibu mishipa. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4, kwa hiyo uume mara nyingi hutangulia kulalamika. Kama hata alfajiri hausimami, nenda kapime sukari, presha na lehemu kabla ya kununua chochote.

Na tafadhali, achana na vumbi la Kongo (unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume) na vidonge visivyo na lebo. Dawa za namna hii zimewahi kukutwa na sildenafili (dawa iliyomo kwenye Viagra) isiyotajwa. Kwa anayetumia nitreti, dawa za maumivu ya kifua, presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Sindano za kujaza misuli nazo huzima homoni yako ya asili na kusinyaza korodani.

Dawa ya hofu ni kuondoa mtihani. Kubaliana na mwenzako kwamba kwa wiki mbili hamtaingiliana. Vueni nguo, fulana ya kufichia tumbo nayo itoke, mpapasane kwa zamu dakika 15 kila mmoja, wiki ya kwanza bila kugusa sehemu za siri wala matiti. Wiki ya pili ziguseni, lakini lengo lisiwe kusimamisha. Wengi huharibu hapa: uume ukisimama tu, wanakimbilia tendo kabla haujalala, na mtihani unarudi palepale. Uacheni ulale, endeleeni kupapasana, utasimama tena.